Mwalimu ni Mwalimu: Je, Kazi Zinahitaji Majina ya Kike?



Ndugu wasomaji, wazazi wenzangu na vijana wetu mlioko mashuleni, leo naomba tuzungumze juu ya jambo ambalo mwanzo nililiona ni la sarufi tu. Kumbe lilikuwa limekaa mezani kwangu, tena limeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe.

Ilikuwa jioni baada ya Magharibi, hapa Bujumbura. Binti yangu wa darasa la nane alikuwa akifanya zoezi la Kifaransa, ameambiwa aandike majina ya kazi kwa umbo la kiume na umbo la kike. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza hiyo hiyo nikimalizia ratiba ya sherehe ya kufunga mwaka wa madrasa yetu, maana ndimi katibu wa kamati. Akaniuliza: "Baba, kwa Kifaransa kazi ya mwanamume ina jina lake na ya mwanamke jina lake. Kwa Kiarabu vile vile, ustadh na ustadha. Mbona Kiswahili hakina?"

Nikafurahi kuulizwa. Nikamweleza kwa majivuno kwamba Kiswahili chetu kimetuepusha na ugomvi huo. Mwalimu ni mwalimu, daktari ni daktari, hakimu ni hakimu. Ukisema "mwalimu amefika", anayesikia hajui kama ni mwanamume au mwanamke mpaka amwone mlangoni.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaivuta ile ratiba yangu akaisoma kwa sauti. Walimu wanne wa kiume wametajwa, kila mmoja kwa cheo cha Ustadh, jina lake na jina la baba yake. Chini yao kuna mstari mmoja: "pamoja na akina mama wasaidizi". Akaniangalia. "Baba, mama yuko wapi hapa?"

Mama yake amefundisha katika madrasa hiyo miaka 11. Nusu ya watoto wa mtaa wetu wamezijua alif, be, te kupitia kwake. Nami niliyekuwa nikisifu lugha isiyobagua nilikuwa nimemficha mke wangu ndani ya neno "wasaidizi". Sikuwa na jibu usiku ule. Haya ninayoyaandika ndiyo jibu langu.

Wafaransa na ugomvi wao

Kwanza tuwatazame wenye tatizo hili kwa sarufi. Katika Kifaransa kila jina lazima liwe la kiume au la kike, hata kiti na meza. Kwa hiyo mwanamke alipoingia katika kazi iliyokuwa ya wanaume peke yao, lugha ikamwuliza: uitweje? Wengine wakasema abaki na jina la kiume, wengine wakasema apewe lake.

Ugumu ni kwamba baadhi ya majina ya kike yalikuwapo tangu zamani, ila hayakuwa na maana ya kazi. "Ambassadrice" alikuwa mke wa balozi. "Générale" alikuwa mke wa jenerali. Jina la kike lilikuwa la ndoa, la kiume ndilo lilikuwa la ofisi. Na kwa daktari kuna shida nyingine: ukilipa neno "médecin" umbo la kike la kawaida unapata "médecine", ambalo tayari ni jina la elimu ya tiba.

Huko Québec, Kanada, ofisi ya lugha ilipendekeza maumbo ya kike tangu mwaka 1979. Ufaransa wenyewe walivutana. Serikali ilitoa waraka mwaka 1986, lakini Académie française, chombo cha wazee wa lugha kilichoundwa mwaka 1635, ikapinga. Chombo hicho hakikuwa na mwanachama mwanamke hata mmoja mpaka mwaka 1980, alipochaguliwa Marguerite Yourcenar. Hesabu mwenyewe: miaka 345. Ni tarehe 28 Februari 2019 tu ndipo Académie ilipopitisha ripoti iliyokubali kwamba hakuna kizuizi cha msingi cha kuzipa kazi majina ya kike.

Wala msidhani wanawake wote walikuwa upande mmoja. Hélène Carrère d'Encausse, mwanamke aliyekuwa katibu wa kudumu wa Académie hiyo kuanzia 1999 hadi alipofariki 2023, alitaka aitwe kwa umbo la kiume. Kwa upande mwingine, mwaka 2014 mbunge mmoja wa Ufaransa alikatwa robo ya posho yake ya mwezi kwa sababu aling'ang'ania kumwita mwanamke aliyeongoza kikao "Madame le président" badala ya "Madame la présidente". Herufi mbili tatu, na mshahara ukapungua!

Kiarabu, na mzigo wa ta marbuta

Tukija katika Kiarabu, lugha ambayo watoto wetu wanaikuta madrasani, kanuni ni nyepesi zaidi. Unaongeza ta marbuta mwishoni. Tabib akiwa mwanamke ni tabiba, muhandis ni muhandisa, mudir ni mudira. Waarabu wamezoea.

Hata huko kuna miiba. Qadhi akiwa mwanamke kwa kanuni ni qadhiya. Lakini qadhiya pia ni pigo la kumaliza kila kitu, na kwa maana ya namna hiyo neno limetumika katika Surat al-Haaqqa. Naib, yaani mjumbe wa bunge, akiwa mwanamke ni naiba, na naiba kwa maana nyingine ni msiba. Wapenda mzaha wamepata la kuchekea hapo. Kosa si la wanawake wala la ta marbuta. Ni maneno mawili yaliyogongana.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wanafunzi wengi hawalioni mpaka waonyeshwe. Neno "khalifa" linaishia na ta marbuta. Ndicho cheo cha Sayyidna Abubakar (r.a.) na waliomfuata. "Allama", sifa ya mwanachuoni aliyebobea, nayo ina ta marbuta. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, huitwa "rahhala", msafiri mkubwa, kwa ta marbuta hiyo hiyo, ambayo hapa inakuza sifa. Hakuna aliyewahi kusema kwamba mabwana hawa wamepunguziwa heshima kwa kupewa mwisho wa kike. Basi umbo la neno peke yake halimpandishi mtu wala halimshushi. Watu ndio wanaoamua neno litabeba heshima au dharau.

Kiswahili: je, kweli tumesalimika?

Kiswahili kilipolichukua neno "muallim" kilipata "mwalimu", kikamwacha "muallima" hukohuko. Mwalimu akaingia katika ngeli ya A-WA pamoja na watu wote. Maneno machache ya kike yalipita, kama malkia, lakini kwa kazi za kawaida lugha haikuona haja.

Matunda yake tumeyaona. Julai 1993 nchi mbili jirani, Burundi na Rwanda, zilipata mawaziri wakuu wanawake ndani ya mwezi mmoja: Sylvie Kinigi hapa kwetu, na Agathe Uwilingiyimana kule, aliyeuawa tarehe 7 Aprili 1994. Mwaka 2024 Kongo ikampata Judith Suminwa Tuluka. Kwa Kifaransa ilibidi watu wachague kati ya "le" na "la". Kwa Kiswahili hapakuwa na mjadala: Waziri Mkuu. Na kwa jirani zetu Tanzania, Samia Suluhu Hassan alipoapishwa Machi 2021, hakuna aliyelazimika kutunga neno. Rais ni Rais.

Lakini tusijisifu mapema, kama nilivyojisifu mimi. Tazameni mifano mitatu.

1. Tanzania walikuwa na "bwana shamba", mtaalamu anayewafundisha wakulima. Cheo kiliundwa kana kwamba mwanamke hatakifikia. Alipokifikia akaitwa "bibi shamba". Leo ofisini wanasema "afisa ugani", na hakuna anayebaki nje.

2. "Mama lishe" ni jina la wauza chakula, kwa sababu wanawake ndio waliolianzisha. Wanaume walipoingia katika biashara hiyo wakaitwa "baba lishe". Maana yake lugha yetu inajua sana kutenganisha inapotaka. Inasubiri tu kazi iwe ya jikoni.

3. "Mjakazi". Wengi hudhani mwisho wake ni kazi ya ufagio na jembe. Wanaochunguza asili ya maneno wanauhusisha na kiungo cha kale cha Kibantu chenye maana ya mwanamke, kile kile ambacho jirani zetu wanacho mpaka leo. Kirundi na Kinyarwanda husema "umwamikazi" kwa malkia, na Kinyarwanda husema "umwarimukazi" kwa mwalimu mwanamke. Wao kiungo hicho wamempa malkia na mwalimu. Sisi, katika majina ya kazi, tumekiacha kwa mtumwa wa kike!

Na hata pale neno lenyewe halibagui, ndimi zetu zinabagua. Mpwa wangu ni daktari, amemaliza miaka yote ya chuo kikuu. Anaingia wodini na koti jeupe na kipimo cha moyo shingoni, anaambiwa na ndugu za mgonjwa, "Sista, tafadhali tuitie daktari." Nyuma yake anapita kijana anayesukuma kitanda, na yeye ndiye anayeamkiwa, "Shikamoo daktari." Mpwa wangu anacheka anapotusimulia. Lakini anasimulia kila mara, nami nadhani anayesimulia kila mara linamuuma.

Ummu Salama aliuliza

Hapa baadhi ya ndugu zangu watasema: "Haya ni mambo ya Kizungu. Ukisema walimu, wanawake wamo humo humo. Unataka nini zaidi?"

Nawajibu kwa heshima kwamba swali hili limeulizwa kabla ya Wazungu kutufikia. Imepokewa kwamba Ummu Salama (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) kwa nini wanawake hawatajwi katika Qur'ani kama wanavyotajwa wanaume. Naye alikuwa Mwarabu fasaha. Alijua kwamba wingi wa kiume katika Kiarabu hukusanya wote. Hata hivyo hakuambiwa, "Nyamaza, umo humo humo." Iliteremka aya ya 35 ya Surat al-Ahzaab, ambayo inawataja wanaume na wanawake bega kwa bega, sifa baada ya sifa, jozi kumi.

Mimi si mwanachuoni wa tafsiri, wala sidai kwamba aya hiyo imeteremka kwa ajili ya majina ya kazi. Ninachojifunza ni adabu. Mtu anaweza kuwa "humo ndani" kwa sarufi na bado akahitaji kutajwa, na kuuliza kwake si utovu wa adabu.

Wengine watasema kwamba kulitaja jina la mwanamke hadharani ni kumvunjia stara. Ndugu zangu, majina ya akina Khadija, Aisha na Hafsa (r.a.) tunayasoma misikitini kila siku. Rufaida al-Aslamiyya alikuwa na hema lake la kutibu majeruhi msikitini Madina, na jina lake halikufichwa. Ash-Shifa bint Abdullah alimfundisha Hafsa kuandika, na ni kwa Hafsa ndiko zilikohifadhiwa kurasa za Qur'ani ambazo Sayyidna Uthman (r.a.) aliziomba zinakiliwe. Kama waliotutangulia wangeandika "pamoja na akina mama wasaidizi", leo tusingejua ni nani alimfundisha Hafsa kalamu.

Lini tuseme "wa kike"?

Je, basi tuanze kusema "daktari wa kike", "hakimu wa kike", "rubani wa kike" kila mahali? Hapana. Ukisema "rubani wa kike" bila sababu, unamwambia msikilizaji kwamba rubani wa kweli ni mwanamume na huyu ni aina nyingine. Hakuna anayesema "fundi bomba wa kiume amekuja".

Lakini ipo mahali ambapo maneno hayo yana haki kamili. Mke wako anakwenda kujifungua. Unafika mapokezi unauliza, "Yupo daktari wa kike?" Swali hilo si dharau, ni stara. Dini yetu inahimiza mwanamke atibiwe na mwanamke anapopatikana, na dharura ina hukumu yake. Hapo jinsia ya daktari ni habari ambayo mgonjwa anaihitaji. Vivyo hivyo mzazi anayetafuta mwalimu wa kumsomesha binti yake nyumbani. Kipimo changu ni hiki: je, anayehudumiwa anahitaji kujua? Kama anahitaji, sema. Kama hahitaji, cheo kinatosha.

Na hapa ndipo penye uzito, wazazi wenzangu. Kila nyumba ya Kiislamu ninayoijua inamtaka daktari wa kike siku ya uzazi. Atatoka wapi? Hashuki na mvua. Ni lazima awe binti wa mtu, aliyekaa na hesabu na baiolojia usiku wakati wenzake wamelala, na baba aliyekubali kulipa karo miaka mingi. Ukimwambia binti yako kwamba udaktari ni wa kaka yake, kisha siku ya haja ukagombana na mapokezi kwa kukosa daktari wa kike, umegombana na kosa lako mwenyewe. Mtoto huanza kuamini maneno kabla ya kuamini vyeti. Akikua anasikia daktari ni "yule bwana" na nesi ni "yule dada", atachagua kabla hajaulizwa.

Tufanye nini?

Kwa maoni yangu Kiswahili hakihitaji majina mapya ya kike kwa kazi. Kinahitaji watumiaji waadilifu. Napendekeza haya:

1. Cheo alichokipata mtu apewe chote. Kama mwanamume ni "Daktari" na jina lake, mwanamke asiwe "Dada" na jina la utani, wala "Mama Fulani" kwa jina la mwanawe tu. Kuitwa mama wa mtoto wake ni heshima kubwa nyumbani na mtaani. Kwenye ratiba, cheti na kitabu cha mishahara, aandikwe kwa jina na cheo chake.

2. Madrasani tuchague njia moja. Ama wote waitwe "mwalimu", ama wanaume wawe Ustadh na wanawake Ustadha. Ubaya ni wanaume kuwa Ustadh na wanawake kuwa "wasaidizi" ilhali kazi ni ile ile.

3. Wanafunzi wanaosoma Kifaransa au Kiarabu wafuate kanuni za lugha hizo bila haya. Ukimwandikia mkurugenzi mwanamke barua ya Kifaransa, mpe umbo lake la kike, isipokuwa mwenyewe akitaka vingine. Kumuuliza mtu anapenda aitweje ni adabu njema.

4. Tuwaulize watoto wetu mezani: "Ukisikia neno hakimu, unamwona nani?" Msiwasahihishe haraka. Wasikilizeni kwanza. Majibu yao ni kioo chetu.

Ratiba mpya

Namalizia na ile ratiba. Asubuhi yake nilikwenda kwa mwenyekiti wa kamati nikiwa na karatasi mpya: Walimu wa madrasa, watu saba, wanaume wanne na wanawake watatu, kwa mpangilio wa miaka waliyofundisha. Aliisoma, akanyamaza, kisha akasema, "Katibu, ukiwaandika hivi itabidi na posho yao iandikwe hivi."

Wallahi, jambo hilo sikuwa nimelifikiria. Nilifungua daftari la hesabu. Waliokuwa chini ya neno "walimu" walipata posho kila mwezi. Waliokuwa chini ya neno "wasaidizi" walipata zawadi mara moja, siku ya Idi. Hakuna aliyekaa akapanga kuwadhulumu. Neno moja lilikuwa limefanya kazi hiyo kimya kimya, mwaka hadi mwaka, na mwandishi wa neno hilo nilikuwa mimi.

Kamati ilikaa mara mbili. Fedha ni chache, na baadhi ya wajumbe walinuna. Mwishowe tumekubaliana posho igawanywe kwa walimu wote saba kuanzia muhula huu. Wale wanne wamepungukiwa kidogo, na mmoja wao, Allah amlipe kheri, alisema yeye mwenyewe aliianza Juzuu Amma kwa mwalimu mwanamke.

Siku ya sherehe binti yangu ndiye aliyesoma majina. Alipofika la kwanza, kwa kuwa ndiye aliyefundisha miaka mingi kuliko wote, alisema "Mwalimu", kisha akataja jina la mama yake na jina la babu yake. Hakuongeza "wa kike". Kila mtu pale alijua ni nani.